Hutoki Humo Mpaka Ling'ae

Madam aliita jina moja, wakaitika wawili.

Sifuna alisikia vizuri kabisa, maana alikuwa amepiga magoti bafuni, kichwa ndani ya hodhi la kuogea, akichunguza doa aliloitiwa. "Nasimiyu!" Madam aliita kutoka sebuleni. "Abee, madam!" ikatoka jikoni. Halafu "abee, madam" nyingine, ya chini chini, yenye kikohozi ndani yake, ikatoka karibu na sikio lake la kushoto, pale kwenye tundu la kutolea maji.

Akainua kichwa. Bafuni hamna mtu. Jua la asubuhi la Spring Valley lilikuwa limejaa kwenye vigae vyeupe, na nje ndege aina ya kwarara walikuwa wanapayuka juu ya miti kama kawaida yao. Akajiambia ni mwangwi. Nyumba kubwa hizi zina nafasi nyingi na watu wachache, sauti inazunguka tu ikikosa pa kwenda.

Sifuna ni mtu wa Bungoma, anaishi Jamhuri, na kazi yake ni kufufua mahodhi. Usicheke, ni kazi. Watu wa Nairobi wananunua hodhi la akriliki, kitu laini, kitu cha kuoshwa kwa sabuni ya vyombo na kitambaa, halafu wanaliingilia na waya wa kusugulia sufuria. Wengine wanamwaga dawa ya kutoa rangi ya kucha, wanashangaa likiyeyuka. Likishapoteza sura ndipo wanampigia Sifuna, naye anakuja na msasa wake wa maji, polishi na mashine yake ndogo, na midomo mirefu ya kuwasema moyoni.

Lakini siku hiyo hakuja kwa ajili ya hodhi. Alikuja kwa ajili ya Ivyne, binti wa dada yake, msichana wa kazi katika nyumba hiyo. Ivyne alikuwa amempigia kwa simu ya askari wa geti, akinong'ona: "Anko, njoo unitoe huku. Madam amekalia kitambulisho changu. Anasema ataniachilia doa likitoka. Na doa si langu, anko. Nililikuta."

Basi mambo yalikuwa wazi. Doa litoke, mtoto atoke.

Ivyne alipokuja bafuni na maji ya moto, Sifuna alishtuka. Alikuwa amekonda, macho mekundu, na kila baada ya maneno machache alikohoa.

"Kikohozi hicho umekitoa wapi?"

"Humu humu. Nikilala nasikia harufu ya jiki, ile dawa ya kutoa madoa, na jiki haipo nyumba hii. Madam alikataza kabisa isiingie."

"Na hilo jina anakuitia nini? Si unaitwa Ivyne?"

Ivyne akatazama mlango kwanza. "Ni la aliyenitangulia. Madam anaitwa Yvonne. Siku niliyofika alisema langu linakaribiana na lake mno, haliwezi kuitwa jikoni. Tena hana muda wa kuzoea majina ya wasichana. Akasema nitakuwa Nasimiyu."

"Na ukaitika?"

"Ningefanya nini, anko?"

Sifuna hakupenda. Kwao jina la mtu si nguo, kwamba huyu akitoka avae mwingine. "Huyo Nasimiyu mwenyewe yuko wapi?"

"Sijui. Nikimuuliza Musili wa geti, anatazama viatu vyake."

Doa lenyewe lilikuwa la rangi ya kupaka nywele, nyeusi inayoelekea kahawia, limetapakaa kwenye sakafu ya hodhi upande wa mabomba. Sifuna alilijua vizuri doa la aina hiyo. Aliosha kwa sabuni, akapaka magadi ya kuokea, akayaacha yafanye kazi, akafuta. Likapungua kidogo. Akachukua msasa wa maji, akaanza na ule wa kukwaruza, akaenda na laini, na laini zaidi, mkono ukizunguka pole pole na maji yakitiririka, mpaka doa likaisha na pakabaki ukungu mweupe tu. Kisha polishi na mashine. Pakang'aa. Ivyne aliinama akajiona uso wake mle ndani, akaanza kulia kwa furaha, akimshika mjomba wake bega.

"Nikachukue begi langu?"

"Nenda ukachukue."

Hapo Madam akatokea mlangoni. Alikuwa amevaa suti ya kazini, mkurugenzi wa ofisi fulani huko Upper Hill, mwanamke ambaye hata akisimama nyumbani kwake husimama kama anakagua. Mume yuko ng'ambo, watoto wako ng'ambo, na pengine alikuwa amezoea kutojibiwa. Akatazama hodhi, hakuona kasoro, na hilo likamuudhi.

"Nasimiyu! Lete taulo tuone kama halichafui."

"Abee, madam," akasema Ivyne.

"Abee, madam," likasema tundu la maji.

Na doa likarudi. Lilirudi wakiwa wote watatu wamesimama wanatazama, likitoka chini ya ule weupe na kuenea taratibu kama majani ya chai kwenye maziwa, mpaka likafika lilipokuwa na kupita kidogo.

"Umenipakia rangi juu, fundi!" Madam akafoka. "Ulidhani sitaona? Jumamosi nina wakwe hapa. Utarudi kesho ufanye kazi ya kweli. La sivyo huyu ataingia humo mwenyewe, na hatoki humo mpaka ling'ae."

Sifuna alipotoka na vifaa vyake, Musili alikuwa getini anakunywa chai. Mtu wa Kitui huyo, mpole, amekaa getini hapo miaka. Sifuna akamsimulia kwa hasira jinsi alivyotukanwa. Alipofika pale pa "hatoki humo mpaka ling'ae", Musili aliweka kikombe chini.

"Amesema hivyo tena?"

"Tena? Alisema lini?"

Musili akatazama viatu vyake. Safari hii Sifuna hakumwachia. Akamshika mkono, akamwambia yule mtoto mle ndani ni damu yake, na akinyamaza, mzigo utakuwa wake. Musili akaongea kwa kunong'ona, ingawa Madam alikuwa ameshaondoka na gari.

"Rangi ile ni ya Madam mwenyewe. Alijipaka nywele, akalala humo na simu, ikamwagika. Kesho yake akasema ni Nasimiyu ameoga kwenye hodhi lake. Msichana akaapa. Hakusikizwa. Akasukumwa humo na jiki na ile asidi ya choo, akaambiwa hatoki mpaka ling'ae. Madam akafunga na ufunguo, akaenda nao kazini. Nasimiyu alisugua. Nilimsikia kutoka hapa akisugua. Halikutoka, akaona achanganye zote mbili, jiki na asidi. Nani angemwambia? Ule moshi wake, ndugu yangu, ulitoka mpaka dirishani. Nilimsikia akikohoa, akiita 'madam, madam'. Nikampigia simu Madam. Akasema yuko mkutanoni."

"Mlango hukuvunja?"

"Nilivunja. Lakini nilichelewa. Niliogopa kazi yangu, nikachelewa."

Polisi waliambiwa msichana alikuwa na pumu. Mama yake alikuja kutoka Bungoma na leso, ile aliyombebea mgongoni akiwa mchanga, akaomba jambo moja tu: aingie pale bafuni amwite binti yake, amwambie twende nyumbani. Kwao mtu akifia mbali huendewa hivyo. Sifuna alilijua hilo tangu utoto. Mwili ukizikwa bila kuitiwa mwenyewe, umezika nguo tu. Lakini Madam alisema hataki uchawi kwa nyumba yake, na Musili ndiye aliyeamriwa kumfungia yule mama geti.

"Watu wa Pwani wangesema ni jini," Musili akasema. "Kwetu tunaita iimu, roho ya marehemu. Mimi sijui ni nini. Najua tu kwamba nikipita pale dirishani mchana, nasikia anasugua."

Sifuna alirudi kesho yake mapema, na hakuwa na raha hata chembe. Alitaka kumchukua Ivyne waondoke tu, kitambulisho kibaki. Ivyne akakataa. Madam alikuwa amemwambia akitoroka ataripotiwa kwamba ameiba, na nani angemwamini yeye, mtu asiye hata na karatasi ya kuonyesha ni nani? Hivyo Sifuna akapiga magoti tena. Akalowesha msasa.

Doa lilikubali kama jana. Lakini kadiri lilivyopungua, ndivyo kingine kilivyojitokeza chini yake: kwanza miviringo miwili ya magoti, ikatazamana kabisa na magoti ya Sifuna kana kwamba kuna mtu amepiga magoti upande wa pili wa akriliki akimwelekea, kisha viganja viwili, vidole vimetanuka, na kila Sifuna alipozungusha mkono wake wa kulia, kiganja kimoja kule chini kilizunguka nao, taratibu, bila kuchelewa wala kutangulia, na harufu ya jiki ikaanza kupanda kutoka kwenye tundu, mwanzo kidogo kama ya nguo iliyoanikwa, halafu nzito, halafu ya kuchoma, macho yakamtoka machozi na koo likamfunga, na jikoni akamsikia Ivyne ameanza kukohoa kikohozi kilekile, kwa mpigo uleule wa kile kilichokuwa kikikohoa chini ya mikono yake.

Sifuna aliacha msasa. Akazungumza kwa Kibukusu, lugha ya kwao Bungoma, kwa sauti anayotumia mtu kumwamsha mgonjwa.

"Dada. Kwa nini huendi nyumbani?"

Maji kwenye tundu yakatikisika.

"Naitwa."

"Nani anakuita?"

"Madam. Nikifika getini, naitwa. Kila siku naitwa. Nimechoka kuitika."

"Yule msichana hajakukosea. Mwache."

"Jina ni moja," ikasema sauti, na ndani yake mlikuwa na kikohozi na hasira, hasira ya zamani iliyopoa ikawa ngumu. "Anayeitika ndiye atakayesugua. Mimi nikitoka, ataingia yeye. Mwambie asiitike."

Sifuna alitoka bafuni karibu kwa kutambaa. Alimkuta Ivyne jikoni ameshikilia sinki, akamshika mashavu.

"Nisikilize. Jina lile usiliitike tena. Akuite kwa upole, akuite kwa matusi, akupige kofi, usiitike. Umesikia, Ivyne?"

"Atanifukuza bila kitambulisho."

"Akufukuze! Kitambulisho kinachapishwa kingine. Wewe huchapishwi mwingine."

Gari la Madam likaingia. Alikuwa amerudi mchana ule kukagua kabla ya wakwe, na alipomkuta fundi amesimama jikoni badala ya bafuni, akavimba. Sifuna hakumpa nafasi. Yeye si mtu wa kubembeleza, lakini siku hiyo alibembeleza.

"Madam, nakuomba kitu kimoja. Huyu anaitwa Ivyne. Mwite Ivyne. Yule mwingine acha kumwita, na umruhusu mama yake aje amchukue. Doa litaisha lenyewe. Nakuapia."

Uso wa Madam ukabadilika, ukawa wa mtu aliyeguswa kidonda. Kumbe alijua. Alikuwa akisikia ile sauti ya pili siku zote na akijifanya hasikii. Lakini kukubali kulimaanisha kukubali na mengine, kwa hiyo akacheka.

"Mmekaa hapo jikoni mkatunga? Mambo ya kwenu ya kijinga mnaniletea mimi? Kwa nyumba yangu nitamwita mtu jina ninalotaka." Akamgeukia Ivyne, wakawa uso kwa uso. "Nasimiyu!"

Ivyne aliuma mdomo. Machozi yalimtoka, shingo ikacheza kama ya mtu anayemeza jiwe. Hakuitika.

"Nasimiyu! Nakuita wewe!"

Ivyne akashikilia sinki kwa mikono miwili. Hata kwarara nje walikuwa wamenyamaza.

"Abee, madam," ikatoka bafuni.

Safari hii ilikuwa sauti kamili ya msichana, na iliitika peke yake. Hapakuwa na nyingine ya kujifichia.

"Ni nani yuko bafuni kwangu?" Madam akasema. Angeweza kutoka nje wakati ule. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi na gari lake lilikuwa pale. Lakini alikuwa mtu asiyestahimili kuitikiwa na asiyemwona, na akaenda, viatu vikigonga vigae, akisema atamwonyesha, atamwonyesha nani ni nani katika nyumba hii, akaingia.

Mlango ukajifunga nyuma yake, bila kishindo. Ikasikika sauti ya ufunguo ukizunguka kwenye kitasa. Ufunguo huo ulikuwa kwenye mkoba wa Madam, na mkoba ulikuwa hapo mezani mbele ya Ivyne.

"Fungua!" Madam akapiga kelele. "Fundi! Fungueni!"

Kisha wakasikia sauti ya pili mle ndani, ikisema polepole, kwa lafudhi ya Madam mwenyewe, kila neno mahali pake: "Hutoki humo mpaka ling'ae."

Sifuna alinyakua ufunguo kutoka mkobani, akautia kitasani, ukazunguka na kuzunguka bila kushika kitu, akajitupa na bega kwenye mlango huku Madam akilia ndani kwamba hakukusudia, kwamba alikuwa mkutanoni, kwamba angemlipia mama hata ng'ombe, halafu kilio kikaingiwa na kikohozi, na moshi mwembamba wa rangi ya kijani kibichi ukaanza kupita chini ya mlango ukiwachoma macho, na kupitia kikohozi kile ikaanza sauti nyingine ambayo Sifuna aliijua kuliko sauti zote duniani, sauti ya mkono unaosugua, unazunguka, unazunguka, unazunguka.

"Musili!" akaita. "Lete mtaimbo!"

Musili alikuwa amesimama uani, akisikiliza. Akageuka kwenda stoo kuchukua mtaimbo. Hakukimbia. Mimi nasema hivyo bila kumlaumu.

Walipouvunja mlango, moshi haukuwapo. Bafu lilikuwa na jua tele. Madam alikuwa amepiga magoti ndani ya hodhi na suti yake, akisugua kwa mikono mitupu, kucha zimeisha, na hodhi lilikuwa safi. Doa halikuwapo. Liling'aa kuliko hodhi lolote ambalo Sifuna aliwahi kulimaliza, na akasema baadaye kwamba hicho ndicho kilichomtisha zaidi. Walimshika mabega. Aliendelea kusugua hewani.

Ivyne alifungua mkoba wa Madam. Akatafuta kitambulisho chake, akakichukua, akasoma jina lake kwa sauti, na mkoba akaufunga ulivyokuwa. Kikohozi kilikuwa kimemtoka. Akavuta pumzi ndefu, akaivuta tena, kama mtu aliyesahau raha yake.

Madam alilazwa hospitali moja huko Upper Hill, akawa anasugua shuka. Madaktari wakasema ni mshtuko, na pengine ni kweli, mshtuko ni neno pana. Sifuna alimpigia mama yake Nasimiyu, na yule mama akaja na leso yake. Musili alimfungulia geti lote, pande zote mbili, kama linavyofunguliwa gari, na akashindwa kumtazama usoni. Mama aliingia bafuni, akatandika leso ukingoni mwa hodhi, akaita. Akaita tena. Hakuna kilichoitika.

"Hayumo," akasema. "Amepelekwa wapi?"

Sifuna na Ivyne wakatazamana. Walielewa wakati mmoja: Madam alikuwa ametolewa mle bafuni akiwa bado anasugua.

Walifika hospitalini saa za kutazama wagonjwa. Muuguzi, mwanamke mchangamfu, akainama kitandani. "Yvonne! Una wageni, mama. Yvonne?" Mgonjwa hakugeuka. Mikono ilikuwa inazunguka juu ya shuka. "Jina lake haitikii kabisa," muuguzi akawaambia kwa huruma. "Tangu aletwe."

Mama akasogea. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa kichwani, viatu vya plastiki.

"Nasimiyu," akasema.

"Abee, mama."

Sauti ilikuwa ya msichana, yenye kikohozi. Mdomo ulikuwa wa Madam. Na macho, ee Mungu wangu, macho ya Madam mle ndani yalikuwa yake mwenyewe, mapana, yanaona kila kitu, yakimtazama yule mama na kumsihi.

Mama aliikunjua leso. Sifuna alishusha pumzi, maana alijua kilichobaki. Neno moja tu: twende. Akilisema, binti ataondoka naye, na yule mwingine ataachwa na mwili wake, apone, arudi ofisini kwake. Ivyne naye alijua.

Mama alitazama ile mikono iliyofungwa bandeji, inazunguka, inazunguka. Akayatazama yale macho yanayosihi, muda mrefu. Yalimkumbusha lile geti alilofungiwa akisihi vivyo hivyo.

"Doa limetoka, mwanangu?"

"Bado, mama."

Akaikunja leso upya, pembe kwa pembe.

"Basi maliza kwanza," akasema. "Mimi nipo hapa nje, nakungoja."

Akatoka, akakaa kwenye benchi ya koridoni, leso mapajani, na Ivyne akaenda akakaa karibu naye.